Watu Mashuhuri Kwenye Gunia la Kahawa

Juzi, katika lile kundi letu la simu la wazazi tunaosomesha watoto nyumbani, mama mmoja kijana aliuliza: "Jameni, mtoto wa miaka saba, hizi hadithi za maisha ya watu wa historia nyinyi mnaziweka saa ngapi? Ratiba imejaa." Majibu yakamiminika. Mmoja alisema Jumatano saa nne, baada ya hesabu. Mwingine alituma jedwali lenye rangi nne. Mimi nilianza kuandika jibu nikalifuta, nikaanza tena nikalifuta, kwa sababu jibu langu la kweli lilikuwa "kwenye gunia la kahawa", na sikujua nitalielezaje kwa watu ambao kahawa wameijua ikiwa tayari kikombeni.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepita Runyenjes, mji mdogo wa kwetu huku Embu. Mtu wa boda boda alisimama mbele yetu na gunia la matunda ya kahawa nyuma yake, limeshaanza kutoa maji. Harufu ile, ninyi mliolelewa huku mnaijua: tamu kwanza, halafu chachu, kama ndizi iliyosahaulika kwenye mfuko wa shule. Mara moja nikawa na miaka saba, mikono inanata hadi viwikoni, na mama yangu anasoma kwa sauti habari za malkia fulani huku akifukuza kuku.

Sikusomea nyumbani kwa sababu wazazi wangu walikuwa watu wa kisasa. Nilisomea nyumbani kwa sababu ya moyo. Nilipata homa ya viungo, magoti yakavimba, na walipokuja kugundua ilikuwa imeshafika moyoni. Daktari wa Embu mjini alisema nitadungwa sindano kila mwezi, nisikimbie, nisipande mlima, mpaka atakaponiruhusu yeye mwenyewe. Sasa mwambie mtoto wa huku asipande mlima. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya bonde. Unashuka hadi mtoni, unavuka, kisha unapanda mpaka ulimi unatoka nje. Basi nikabaki nyumbani, na mama akawa ndiye shule.

Mama alikuwa amefundisha miaka mitatu kabla ya kuolewa, bila cheti, enzi ambazo ukimaliza kidato cha nne unaweza kupewa chaki na darasa ukaambiwa anza. Aliandika ratiba nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaipigilia kwenye mlango wa jikoni. Asubuhi hesabu, kichwa kikiwa bado hakijachoka. Kisha kusoma, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha uji. Historia ndiyo iliyokosa pa kukaa. Aliiweka saa nane mchana, nikalala juu ya daftari. Akaihamishia Ijumaa jioni, lakini Ijumaa jioni baba alikuwa anarudi kutoka kazini mjini na jikoni hakukaliki. Akasema basi tutaisoma Jumapili baada ya kanisa, na Jumapili baada ya kanisa hakuna mtu kwetu anayesoma chochote. Na tazama, mama aliipenda historia kuliko masomo mengine yote. Alikuwa na sanduku la vitabu vilivyochakaa, vingine bila jalada, vya maisha ya watu waliotenda makubwa, na kila alipolifungua alisahau sufuria motoni.

Kahawa ilipoiva, ratiba ikafa. Nani atakaa afundishe kuzidisha wakati matunda yanadondoka shambani? Mama na jirani yetu, Mama Njeru, walichuma tangu alfajiri. Mimi niliruhusiwa kazi moja tu: kuketi kwenye gunia lililotandazwa uani na kuchambua, mekundu huku, ya kijani kule, kwa sababu karani wa kiwanda hakutaka hata kuona tunda bichi. Ile ni kazi ya mikono, masikio yanakaa bure. Siku ya pili ya kuchambua mama aliliangalia lile gunia, akaniangalia mimi, akaingia ndani, akatoka na kitabu, akakisimamisha juu ya debe lililofunikwa. Akakaa chini, akaanza kuchambua na kusoma kwa pamoja. Tangu siku hiyo historia haikuhama tena.

Tulisoma mtu mmoja kila wiki. Jumatatu alizaliwa na kukua. Katikati ya wiki alipata taabu zake. Jumamosi, kabla kahawa ya siku hiyo haijapelekwa kiwandani, ilikuwa lazima awe amekufa. Na katikati ya yote hayo mama alikuwa na swali moja alilolirudia mpaka likanikaa mwilini: "Nani alikuwepo?" Kitabu kikisema malkia alilia usiku kucha, mama alikifunga huku kidole kikiwa ndani. "Nani alikuwepo?" Kama palikuwa na mjakazi aliyesimulia, nilitupa tunda jekundu kwenye bakuli. Kama hapakuwa na mtu, nilitupa la kijani. Jumamosi tulimwaga bakuli na kuangalia mtu wetu ameiva kiasi gani. Kuna mfalme mmoja aliyetoka kijani karibu mwili mzima, na mama akasema huyo tusimfikishe kiwandani, karani atatufukuza sote. Nilicheka mpaka mama akaogopa kwa ajili ya moyo wangu.

Lakini mimi nilikuwa na swali langu ambalo halikuwa kitabuni. Watu wale walikufa wote, hilo nililielewa. Nisichokielewa ni wapi walienda baadaye. Maana kwetu mtu hafi akaisha hivihivi. Mtoto wa kike wa kwanza huitwa jina la mama mzazi wa baba yake, na akishaitwa, ndiye. Mimi niliitwa Wawira, jina la cucu, nyanya yangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Baba yangu, mwanamume mzima na ndevu zake, aliniita mami. Guka, babu yangu, aliyekuwa mume wa cucu, aliniita "mke wangu", akiniletea ndizi mbivu na kuniuliza mbona leo sijampikia. Mama nikimsumbua na uji alipiga goti kwa dhihaka: "Mama mkwe, tafadhali, usinirudishe kwetu." Watu wazima walikuwa wanatania nusu na kumaanisha nusu. Mimi niliyachukua yote. Niliamini kabisa kwamba mimi ndimi cucu Wawira, kwamba nilishaishi, nikalima, nikazaa, nikafa, nikarudi, na kama sikuyakumbuka hayo, ni ile homa iliyoyafuta.

Kwa hiyo kila Jumamosi mtu wetu alipokufa niliuliza, "Na nani aliitwa yeye?" Mama, mikono imejaa kahawa, alijibu bila kufikiri, "Ata sijui. Huko kwao wanaitana tu majina yoyote." Niliwahurumia sana. Mtu amezunguka dunia nzima, halafu hana hata mjukuu wa kumrudisha. Nikaamua kuwatafuta. Baharia mmoja kati ya wale wa kitabuni alikuwa na jina la ubatizo sawa na la mwenye bucha wa Runyenjes, na siku tuliyotoka kudungwa sindano tulipita hapo kununua matumbo.

"Wewe ndiwe ulizunguka dunia na meli," nilimwambia. "Mbona ulirudi ukauza nyama?"

Kisu kilisimama hewani. Mwenye bucha alimwangalia mama. Mama akawa anasoma tangazo lililokuwa ukutani. Yule mzee akapangusa mikono polepole.

"Mami," alisema, "bahari iko na baridi mbaya sana. Halafu huko katikati hakuna wateja."

Nilimwelewa kabisa. Akaniongezea kipande cha maini, na njia nzima hadi nyumbani mama alikuwa anatikisika mabega bila kutoa sauti. Angeweza kunisahihisha siku hiyo. Nadhani alikuwa anafurahia mno.

Aliyekuja kutuharibia raha ni Tata, dada mkubwa wa baba, ingawa leo nikimfikiria siwezi kusema alikuwa mbaya. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya bweni kule Siakago, mwanamke aliyeweza kunyamazisha chumba kizima kwa kukohoa. Naye aliniita mami, kwa sababu mimi ndimi niliyemzaa, jambo ambalo halikumzuia kunichunguza kucha na shingo kila alipokuja. Safari hiyo alikuja na mfuko wa ndengu na asali, akaketi, akaniuliza tisa mara sita. Nikasema bado hatujafika. Akaniuliza sehemu za ua. Nikamwambia habari za malkia na mjakazi aliyekuwepo.

"Mama Wawira," Tata alimwambia mama, na alisema kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi, "mimi sikatai, unajua kusoma. Lakini hii kazi ya kufundisha iko na utaratibu yake. Mtoto ako nyuma. Anajua wafalme na hajui kuzidisha. Nipatie huyu Januari. Kwetu ni tambarare, hakuna mlima, na kuna matroni wa kumpeleka sindano."

"Kwenu kuna vumbi," mama alisema.

"Vumbi haijaua mtu. Ujinga ndio unaua."

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," mama akajibu, na sauti ikamkatika katikati, kwa sababu tisa mara sita kweli sikuijua. Baba aliangalia dada yake, akaangalia mke wake, kisha akachungulia ndani ya kikombe chake cha chai. Mimi nilikuwa nimejikunja nyuma ya mlango nikimshika paka kwa nguvu. Nilikuwa nimekaa hospitali wiki tatu bila mama kulala karibu nami, na nilijua bweni ni hivyohivyo, ila wiki haziishi.

Guka ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mwenye boma, na neno lake halikupingwa. Alisema kahawa ikiisha, kabla ya Krismasi, tutakaa hapahapa uani sote. Tata atanipima mwenyewe: hesabu, kusoma, na kama historia ndiyo hiyo inayosifiwa sana, niandike historia ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa, bila kusaidiwa na mtu. Nikiweza, nabaki na mama mpaka daktari aseme. Nikishindwa, Januari nashuka Siakago. "Hiyo ni haki," alisema, akaenda kumwangalia ng'ombe wake.

Tangu siku hiyo mama alinikimbiza. Tuliimba tisa mara sita tukichambua, tuliimba saba mara nane tukimenya ndizi. Alikonda. Siku moja nilimkuta jikoni amekaa na cheti chake cha kidato cha nne mapajani, akikipangusa na ncha ya leso, na nilipouliza akasema moshi umemwingia machoni. Nilijua kwamba akinipoteza hatapoteza mtoto tu. Ataambiwa pia kwamba kile alichokidhani anakiweza hakiwezi. Mtoto wa miaka saba anajua mambo kama hayo, hata kama hana maneno yake.

Mtu mashuhuri sikuhangaika kumtafuta. Niliwapitia wale wote wa sandukuni nikaona hakuna anayemfikia cucu Wawira. Na isitoshe, yeye nilikuwa namfahamu kutoka ndani. Kilichobaki ni kukumbuka, na mama alikuwa ameshanifundisha njia: tafuta aliyekuwepo. Nikachukua daftari nikaanza kuwazungukia watu, taratibu, kwa sababu ya moyo.

Baba aliniambia kwamba nilikuwa naimba nikipalilia, na kwamba niliwahi kumchapa kwa kuuza mayai akanunua mpira. Nikamwomba msamaha. Alicheka mpaka akajifunika uso, kisha akasema, "Sawa, mami, imeisha." Wazee wa kanisa waliniambia kwamba nilimkatalia mhubiri fulani kupumzikia chini ya mgomba wangu kwa sababu aliegemea mkungu. Lakini hazina yangu ilikuwa Mama Njeru. Alikuwa rafiki yangu wa miaka thelathini, tulichuma kahawa pamoja, tulijifungua mwaka mmoja. Kila kitu alikisema hivi: "Wewe ulinipa mbegu." "Wewe ulimpiga yule mbwa." Hakuna siku aliyonishangaa. Nilijaza kurasa na kurasa. Mwisho nikamuuliza nilikufaje. Akaacha kuchuma. Akaketi chini ya mbuni, akaniambia, na mimi nikaandika, na alipomaliza akanivuta akaniegemeza kifuani mwake, akinuka moshi na kahawa. Sikujua kwa nini analia, ilhali mimi niko hapo.

Aliyebaki ni Guka. Habari za uhai wangu alizisimulia vizuri, jinsi nilivyokuwa na nguvu, jinsi baba yangu wa enzi zile, baba wa cucu, alivyomsumbua wakati wa mahari. Lakini nilipofika kwenye mwisho, alisimama. Akasema ng'ombe hajapewa maji. Nikamfuata siku ya pili, akasema ng'ombe. Ng'ombe yule hakuwahi kutunzwa vile. Nilirudi nikawaza jambo moja ambalo sikumwambia mtu: kwamba mume wangu ananiogopa, kwamba kuna kitu alifanya akadhani bado nimekasirika.

Siku ya kupimwa ilikuwa na jua jeupe la Desemba. Viti vyote vya nyumba vilitolewa uani. Guka alivaa koti lake la kanisani. Baba alikuwa likizo. Mama Njeru alikuwa jikoni anasongea watu mukimo wa viazi na mahindi, mlango wazi asikose neno. Tata alivaa miwani, akafungua kalamu nyekundu, na mama akasimama nyuma yangu ameshika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili.

Hesabu ilikwenda. Tisa mara sita niliipiga kabla hajamaliza kuuliza. Katika kutoa nilianguka mara mbili, na nikasikia kiti kikikwaruzwa na vidole vya mama. Kusoma nilisoma bila kusita, hata Tata akasema, "Mm." Kisha akasema, "Haya, huyo mtu wako mashuhuri. Ni nani?"

"Wawira," nilisema, nikasimama.

Tata akashusha miwani. Nikasoma.

"Jina langu ni Wawira. Nilizaliwa karibu na mto. Aliyekuwepo ni mama yangu lakini amekufa. Nilikuwa na nguvu sana. Nilibeba madebe mawili ya kahawa bila kupumzika. Mama Njeru alikuwepo. Niliolewa na Guka kwa sababu alikuwa na baiskeli. Guka mwenyewe alikuwepo."

Baba alipasuka kwa kicheko. Guka naye akacheka, akipiga goti lake. Tata peke yake hakucheka. "Mami," alisema, "hii si sawa. Historia ya mtu unaandika ya mtu mwingine, si yako. Unasema 'nilizaliwa', wewe ulizaliwa juzi hapa Embu hospitali."

Nilimwangalia bila kumwelewa. "Lakini wewe unaniita mami," nilisema. "Mimi ndimi nilikuzaa. Nimekuandika ukurasa wa pili. Ulilia sana."

Tata akanyoosha mkono alichukue daftari. Guka akasema, "Mwache asome. Huyo unayemkatiza ni mama yako." Akasema kwa mzaha, lakini Tata akaurudisha mkono kweli, nikaendelea. Nikasoma ya mpira na mayai. Nikasoma ya mhubiri na mkungu. Jikoni Mama Njeru alikuwa anaitikia, "Ee, ni kweli! Ee!" Watu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko, hata mama nyuma yangu. Nilifurahi mno. Nikafungua ukurasa wa mwisho.

"Siku moja mume wangu alienda Kangeta kununua miraa ya kuuza. Alikuwa arudi siku mbili. Mvua ikanyesha. Nikashikwa na kichomi. Tata alikuwa chuoni, baba alikuwa mdogo. Nilimngoja mume wangu siku nne. Niliuliza kama kuna mtu barabarani. Halafu nilimwambia Mama Njeru, huyu mtu atarudi na njaa, muwekee chakula, na usimpe ikiwa baridi. Halafu nikafa. Mume wangu alifika kesho yake. Mama Njeru alikuwepo. Sikumkasirikia."

Nikafunga daftari. Hakuna aliyecheka. Sikuelewa nilichokosea. Kule jikoni mwiko ulikuwa umesimama. Guka alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake, anaangalia chini katikati ya miguu yake. Kalamu ya Tata ilikuwa juu ya daftari lake lakini haikuandika. Hatimaye akauliza, na sauti yake haikuwa ya shule tena, bali ya mtu aliyekuwa chuoni mama yake alipokufa:

"Hiyo ya mwisho, mami. Ya kwamba hukukasirika. Nani alikuwepo?"

"Mimi," nilisema.

Guka aliinua kichwa. Alimgeukia Mama Njeru, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Aliyasema? Ya chakula?"

"Aliyasema," Mama Njeru alijibu. "Nilikuwekea hiyo chakula. Ulipofika ukasukuma sahani, ukatoka nje. Mimi nikashindwa kukwambia. Nikasema nitamwambia kesho. Na wewe kila kesho ukaenda kwa ng'ombe."

Guka akasimama. Sote tulidhani sasa anaelekea zizini, hata baba alisogeza miguu ampishe. Lakini mzee hakwenda zizini. Alimwambia Mama Njeru, "Basi lete." Mama Njeru akaingia akatoka na sahani ya mukimo inayotoa moshi, na Guka akaipokea kwa mikono miwili, akala akiwa amesimama, mbele yetu sote, kijiko baada ya kijiko, machozi yakiteremka hadi kwenye ndevu, mpaka sahani ikawa nyeupe. Mama ndiye aliyempelekea maji ya kunawa. Alipomaliza kunawa, Guka alimrudishia kata na kumwangalia kama mtu ambaye hajawahi kumwona vizuri.

"Mtoto haendi Siakago," alisema. "Anabaki na mwalimu wake."

Mama alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akafunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko kama kile cha siku ya bucha au ni kilio. Baba akaenda kumshika. Tata alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha, kwa kuwa ni Tata, akasema, "Kutoa bado. Hesabu ya kutoa atarudia yote," na baba akaanza kucheka tena, na kicheko kikawapata wengine mmoja mmoja mpaka kuku wakatawanyika. Walianza kugawa chakula. Sahani zikapita juu ya kichwa changu.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na daftari, sijaambiwa kama nimepita au nimeshindwa. Guka akaja akaketi mbele yangu, si kwenye kiti bali chini, kwenye gunia, na koti lake la kanisani. Akanifungulia daftari kwenye ukurasa wa mwisho, mahali palipobaki nafasi.

"Andika hii pia, mke wangu," alisema. Alisema polepole ili nimfikie. "Mto ulikuwa umejaa. Nilisimama hapo ng'ambo siku tatu. Sikuchelewa kwa kupenda."

Niliandika yote, kwa herufi kubwa, bila kosa. Nilipoinua macho nilimkuta bado ananiangalia, hajasogea, na nikaona kwamba anangoja jibu. Basi nikampa.

"Najua," nilimwambia.